Bekiye Ilikuwa Chini

Feza wangu,

Kesho asubuhi unaondoka na pikipiki kwenda Salamabila kuanza kazi, na mimi nimefunga karakana mchana huu ili nikuandikie. Watu wawili wameshapita kugonga mlango. Mmoja ana tairi lililopasuka, nimemwambia akalilie kwingine. Usinicheke mwandiko. Mkono uliozoea spana haupendi kalamu, na hayo madoa unayoyaona ni oili.

Sabuni, chandarua, maji ya kuchemsha, watu wa kusalimia: hayo shangazi yako amekwisha kukuambia mara nne, na ya tano inakuja wakati wa chakula. Mimi nina jambo moja tu. Barua hii nitaificha chini ya blauzi zako nyeupe za uuguzi ili uikute ukishafika. Ukiisoma njiani utaendesha kwa hasira, na sitaki.

Wiki iliyopita ulikuwa jikoni unazikunja blauzi hizo hizo. Shangazi akakuuliza utafanyaje ukikutana na Sumaili, maana watu wanasema siku hizi anauza petroli ya chupa kule Salamabila, hatua chache kutoka senta ya afya utakakofanya kazi. Hukuinua hata kichwa. Ulisema, "Ule mutu aliua mama yangu. Siku atakuya kwangu na ugonjwa, afie ku mulango. Sitamugusa." Shangazi akasema, "Vizuri, mutoto." Mimi nilikuwa nakula. Nilimeza tonge, nikaomba maji.

Feza, Sumaili hakumwua mama yako. Nilimwua mimi. Sumaili nilimvunja mkono kwa sababu alikuwa anawaonyesha watu jinsi nilivyomwua.

Sasa umejua. Ukitaka kuichana karatasi hapa, ichane, una haki. Lakini kama unaweza kuvumilia, nikueleze yote. Nikikupa nusu, nusu nyingine utaitengeneza mwenyewe, na najua utaitengeneza kwa kunihurumia, kwa sababu unanipenda. Huruma hiyo siitaki.

Inabidi nianze na baba yako mdogo Musafiri. Ulikuwa mdogo mno, humkumbuki. Alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, motari wa barabara ya Kabambare, anabeba abiria kwa pikipiki tangu alfajiri, mcheshi, mwenye madeni ya maneno kwa wasichana wa kila kijiji. Siku hiyo tulikuwa wawili, kila mmoja na pikipiki yake. Tulisimama mlimani, yeye akaingia vichakani kukojoa. Alikuwa ameiegesha kwenye mteremko, akaiacha kwenye gia ya kwanza ili isiteleze, bekiye ikiwa chini. Bekiye ni ule mguu wa chuma wa pembeni, upande wa kushoto, unaujua, lakini leo nataka uuone vizuri.

Wanaume wanne walitokea kwenye mianzi wakiwa na bunduki. Mimi pikipiki yangu ilikuwa inanguruma bado, nikaondoka hatua thelathini, nikaiacha nikajitupa mtaroni. Musafiri alitoka mbio, akapanda ya kwake, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Akaniita mimi kaka yake kwa kelele, "Yaya, inakatala! Yaya!" Walimfikia akiwa bado amekaa, kidole kikiwa kwenye kitufe. Walimpiga risasi ya shingo. Alipoanguka, mmoja akamkata kwa panga begani, mtu ambaye alikuwa amekwisha kufa, halafu wakamvua viatu. Niliyaona yote nikiwa nimelala mtaroni, na mdomo wangu umejaa udongo kwa sababu niliuuma ili nisilie.

Walipoondoka nilirudi. Ufunguo ulikuwa umewashwa. Gia ya kwanza. Bekiye chini. Niliinua bekiye kwa mguu, nikakamata klachi mpaka mwisho, nikabonyeza, na ile pikipiki ikawaka papo hapo, vizuri kabisa, damu yake ikiwa inachuruzika kwenye tangi. Haikuwa mbovu. Pikipiki za siku hizi zimetengenezwa hivyo. Kuna swichi ndogo kwenye bekiye na nyingine kwenye mkono wa klachi, kila moja ina waya mbili nyembamba. Ukiiacha kwenye gia, bekiye ikiwa chini, haiwaki hata ukiiombea. Ni lazima uinue bekiye, ukamate klachi, ndipo ikusikilize. Waliozitengeneza waliogopa mtu asije akaondoka na mguu ule ukining'inia ukamtupa. Walikuwa wamefikiri vizuri. Ila hawakuwa wamefikiria wanaume wanne kwenye mianzi.

Nilimfunga mdogo wangu mgongoni kwa kamba ya mpira nikamleta nyumbani. Baada ya mazishi niliichukua pikipiki ile nikaiangusha chini hapa karakana nikaipiga. Nilipiga kwa nyundo, kwa mateke, kwa panga, nikiitukana matusi ambayo sitakuandikia. Kisha nilizing'oa zile swichi, nikazisokota waya mbili mbili, nikazifunga kwa utepe mweusi. Nikaiacha kwenye gia, bekiye chini, nikabonyeza. Ikaruka ikagonga ukuta. Nilikaa sakafuni nikacheka mpaka mama yako akaja kuniangalia.

Ndipo nikawa mtu mashuhuri. Habari ilienea, na kila motari wa barabara ile akaja. "Baba Feza, nifungie na miye." Niliwafungia, wengine hata bila malipo. Ikawa desturi yetu: ukisimama popote kati ya hapa na Salamabila, unaiacha pikipiki kwenye gia ya kwanza, bekiye chini, pua imeelekea barabarani, ili risasi zikilia ubonyeze tu na kuruka. Aliyekuwa hajafungiwa walimcheka, wakamwambia anatembea na jeneza lake.

Dalili zilikuja, sitasema hazikuja. Sokoni hapa Kasongo pikipiki moja iliruka motari wake alipobonyeza bila klachi, ikamvunja mguu mama mmoja muuza samaki. Mfupa ulitoka nje. Walipokuja kuniuliza, nilimzaba yule motari kofi mbele ya watu nikamwambia hajui kuendesha. Alikuwa mtu mzima kuliko mimi. Hasira zangu unazijua, umezikuta zikiwa zimepoa. Wakati ule zilikuwa ndizo zinazonivisha viatu asubuhi.

Sasa mama yako.

Tulikuwa tunarudi kutoka machimbo. Vikwembe vyote, zile nguo za kujifunga alizowapelekea wanawake wa huko, alikuwa ameviuza, akabaki na furushi dogo ambalo lilikuwa linalegea, nikasimama kwenye mteremko ili nilikaze. Gia ya kwanza, bekiye chini, pua mbele. Yeye akanyoosha mgongo, akanitazama nikihema, akasema, "Baba Feza, hii tumbo yako siku moya itapasula mupira ya nyuma." Nilikasirika kidogo, sikumjibu. Maneno mengine yote aliyonipa katika maisha yetu niliyajibu, tena kwa kelele, na haya ya mwisho nikayanunia.

Risasi zikalia. Tatu, kisha nyingi. Nikasema, "Panda!" Akapanda, akanikumbatia kiunoni kwa nguvu. Nilibonyeza bila klachi, bila kuangalia chini, na pikipiki ikaruka. Iliruka kama nilivyoifundisha. Nilimkumbuka Musafiri, nikapiga kelele kwa furaha kabisa, "Imekubali! Imekubali!"

Bekiye ilikuwa inaning'inia chini, na mimi nashangilia.

Kona ya kwanza ilikuwa ya kulia. Ukiinama kulia mguu ule unapanda hewani, haugusi kitu, kwa hiyo sikujua. Kona ya pili ilikuwa ya kushoto, kabla tu ya daraja la magogo. Niliinama kushoto kwa mwendo wote niliokuwa nao, chuma kikachimba ardhi, kikakwama kwenye mzizi, na gurudumu la nyuma likainuka. Mama yako alipita juu yangu. Kichwa chake kilipiga gogo la kwanza la daraja. Mimi nilibiringika kwenye matope nikaamka na michubuko ya viwiko. Yeye damu ilikuwa inamtoka masikioni. Alishika shati langu na kulivuta mara mbili, kisha vidole vikaachia.

Na zile risasi? Zilikuwa zimenyamaza kitambo. Baadaye nilisikia walikuwa walinzi wa mashimo wanagombana na wachimbaji huko juu mlimani. Hakuna aliyekuwa anatufukuza. Hakuna hata aliyejua kwamba tupo.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa Sumaili. Alikuwa kijana mwembamba anayesukuma baiskeli yenye madumu manne ya mawese kutoka Kabambare. Aliitupa baiskeli pale pale, dumu moja likapasuka, mawese yakamwagika barabarani na hakuyaangalia. Alichana shati lake akamfunga mama yako kichwa. Alimwita, "Mama, mama, usilale," kwa sauti ambayo mimi mume wake sikuwa nayo. Alipoona hakuna kinachosaidia, alimfumba macho, akaja kuiinua pikipiki yangu iliyokuwa inavuja. Akaiona bekiye. Akatazama mfereji iliouchimba barabarani, akarudi kwangu, akachuchumaa, akasema polepole, "Pole, baba. Bekiye ilikuwa chini. Angalia vile ilichimba."

Alisema kwa huruma. Angesema kwa dharau ningempiga hapo hapo na mambo yangeishia kati yetu wawili. Huruma yake ilinitia wazimu, kwa sababu ilikuwa na maana kwamba amekwisha kujua, na baada yake watajua wengine, na jina langu lote lilikuwa limejengwa juu ya zile waya.

Watu wa kijiji cha jirani walikuja mbio na mapanga; nao walikuwa wamesikia risasi. Nikapiga kelele, "Wameua bibi yangu!" Wakauliza, "Ni banani hao? Wako wapi?" Nilimwangalia Sumaili. Sikusema ni yeye, Feza. Nimejitetea kwa sentensi hiyo moja miaka kumi na miwili: sikusema. Niliangalia tu, na nikaacha macho yangu yakae pale.

Mmoja akasema, "Huyu hatumujue." Mwingine akasema mtu wa baiskeli peke yake katika barabara ile ni mpelelezi wa majambazi, kazi yake kuwapigia filimbi. Fimbo ya kwanza ilimpata mdomoni. Wakamwangusha. Walimpiga kwa mipini ya majembe, kwa mawe, kwa mnyororo wa baiskeli yake mwenyewe waliouvua. Alikuwa anapiga kelele, "Miye Sumaili! Mutoto ya Kabambare! Natembeza mawese! Angalieni bekiye! Angalieni bekiye ya pikipiki!" Walidhani amechanganyikiwa. Kati ya watu wote waliokuwa pale, ni mimi peke yangu niliyeelewa anasema nini.

Alifaulu kunyoosha mkono kutoka chini ya miguu yao, akawa anaionyesha pikipiki yangu kwa kidole. Mkono wa kulia. Ulikuwa umelala juu ya jiwe bapa. Nilichukua spana kubwa ya gurudumu kwenye furushi la vifaa, wakanipisha kwa heshima, mimi mfiwa. Nilimpiga kwenye mkono huo mara tatu. Pigo la kwanza lilikuwa ili anyamaze. La pili kwa sababu hakunyamaza. Nilipopiga la tatu alikuwa amekwisha kunyamaza.

Wangemmaliza. Mama mmoja aliyekuwa anatoka shambani na kikapu cha mihogo alimlalia juu, mwili mzima, akapiga kelele, "Muniue miye kwanza! Haya, muniue!" Wakati wanabishana naye, nilikwenda kwenye pikipiki nikaisukuma bekiye juu kwa mguu. Ilipanda bila shida yoyote.

Wewe ulikuwa na miaka tisa. Ulinipokea mlangoni ukauliza nani amefanya, nami nikakupa jina. Nilikupa jina la mtu aliyemfumba mama yako macho. Ukalikuza hilo jina pamoja na meno yako makubwa. Ulipokuwa unagombana na wenzako shuleni ulikuwa unamwita mbaya wako "Sumaili", na mimi nikisikia nilikuwa natafuta msumari wa kupiga, kelele yoyote. Watu waliniletea kuku, mchele, pole. Walisema, angalau ulilipiza kidogo. Niliwashukuru.

Yeye alisema ukweli, usidhani alinyamaza. Alisema kila mahali alipoweza kutembea. Lakini nani angemsikiliza msukuma mawese wa kupita dhidi ya fundi wa Kasongo aliyefiwa?

Tangu siku ile sijamfungia mtu waya. Wakija nawaambia macho yangu siku hizi hayaoni vitu vidogo. Nao wanakwenda kwa mafundi wengine, ambao niliwafundisha mimi, na wanafungiwa. Sikuwaambia sababu. Nimesikia habari za watu walioanguka kwenye kona za kushoto, na kila mara nilikula chakula changu nikamaliza. Hilo nalo liandike juu yangu, usilisahau kwa sababu lina damu kidogo kuliko yale mengine.

Sasa pikipiki yako. Nimeifanyia kazi mwezi mzima, ukadhani ni injini. Ilikuwa imefungiwa tangu tulipoinunua, na nimerudisha swichi zote mbili, ya bekiye na ya klachi, kwa waya mpya. Itakukatalia siku moja, na utaitukana. Motari wa Salamabila watakuambia uzikate, watakupa na mifano, na mmoja wa mifano hiyo atakuwa baba yako mdogo Musafiri. Sitakudanganya kwamba wanasema uongo. Mdogo wangu alikufa kwa swichi inayofanya kazi. Nimelifikiria hili mpaka kichwa kimeniuma, na nilichopata ni kidogo: hakufa kwa sababu pikipiki ilikataa, alikufa kwa sababu aliiacha kwenye gia, na mimi nilikuwa nimemfundisha kuiacha hivyo. Kwa hiyo simama penye tambarare, itoe kwenye gia. Mengine sijui. Ukizikata sitakulaumu, ila ujue ni nini unachokata.

Na hasira. Unayo, umeichukua kwangu, usimsingizie shangazi. Ninachokijua juu ya hasira ni kwamba siku ile niliiona inanisaidia. Ilinifanya nisilie. Ilinipa kitu cha kushika mkononi wakati mama yako alikuwa amelala pale amefungwa shati la mtu mwingine. Ningekaa chini nikalia kama mtu mjinga, Sumaili angekuwa na vidole vyake. Basi, sina zaidi.

Motari mmoja aliniambia jinsi anavyouza petroli sasa. Chupa anaibana kifuani kwa kiwiko cha kulia, anafungua kwa mkono wa kushoto, na akimimina haimwagiki hata tone. Alinisimulia kwa kumsifu. Hakujua ananisimulia nini.

Huko utakuwa unamwona kila siku. Sikuombi umwambie lolote, maneno ya kumwambia ni yangu na nimeyachelewesha mimi. Akija mlangoni pako na homa, mguse, Feza. Mguse kwa mikono yote miwili. Hilo tu ndilo ninalokuomba, na naliomba kwa ajili yake na kwa ajili yako. Mimi nitoe kwenye hesabu.

Jumamosi nakuja mwenyewe. Nitafika mchana, soko likiwa limejaa, na motari wote wakiwa wamesimama kwenye chupa zake, wale wanaoendesha mpaka leo na waya nilizowafundisha kufunga. Nitayasema haya yote kwa sauti, mbele yake na mbele yao, kuanzia bekiye mpaka spana. Shangazi yako nitamwambia kesho ukishaondoka. Vijana wa kule ninawajua, wana mikono myepesi, na inawezekana wakanifanyia nilichokiacha kifanywe. Kama itakuwa hivyo, usisimame katikati. Una kazi ya watu pale, usije ukaumizwa kwa ajili ya mtu aliyekaa kimya miaka kumi na miwili.

Na ukitoka nje ukaniona nimesimama juani mbele ya meza yake, usiniite ndani. Usiniletee kiti, usiniletee maji, usiniamkie hata kwa macho. Pale, mwenye kusema karibu ni yeye.

Baba yako.